Usukani unanata, kiti kinang'aa: soma dalili za ngozi ya gari kabla hujaisafisha

Ukitaka kujua kama usukani wako ni mchafu, usitazame rangi yake, tazama mng'ao. Ngozi ya usukani mpya haing'ai. Ukipitisha kidole juu yake, kidole kinashika kidogo. Ule mng'ao unaouona pale mikono inapokaa, saa nne na saa nane kama usukani ungekuwa uso wa saa, si ngozi iliyolainika kwa kutumika. Ni mafuta ya mwili, jasho, losheni na vumbi vilivyoshindiliwa pamoja siku baada ya siku mpaka vikafanya ganda.

Nimeanza na hilo kwa sababu ngozi nyingi nilizokuta zimeharibika ziliharibiwa na mtu aliyekusudia kuzisafisha. Alisoma dalili vibaya, akatumia dawa kali kwa tatizo jepesi, au akasugua mahali pasiposuguliwa. Inaniuma kila ninapoliona, maana hasara yenyewe ingeepukika kwa kupima dakika mbili tu.

Karibu ngozi zote za magari ya sasa zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka la kinga, aina ya vanishi laini inayojikunja bila kuvunjika. Unene wa vyote viwili ni sehemu za mia za milimita. Unaposhika usukani unashika vanishi hiyo, si ngozi yenyewe. Kwa hiyo kila tatizo ulitafutie mahali lilipo: liko juu ya vanishi, limeingia kwenye rangi, au liko chini, kwenye ngozi? Lililo juu linatoka kwa maji na sabuni laini. Lililoingia kwenye rangi linapungua, na huenda lisitoke lote. Lililo chini haliponi kwa kusafisha hata ukisugua mpaka jioni.

Pima kwanza

Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, kwa mfano ubavuni mwa kiti upande wa chini. Subiri dakika moja. Tone likibaki limekaa kama shanga, vanishi ipo na unaweza kuosha. Tone likizama na kuacha doa jeusi, ama ngozi hiyo haikupakwa vanishi tangu kiwandani, ama vanishi yake imekwisha. Ngozi ya namna hiyo inakunywa kila unachoiwekea, uchafu pamoja na sabuni, na inahitaji mkono mwepesi sana.

Kisha chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo, futa kipande cha usukani kisichozidi upana wa kiganja. Tazama kilichobaki kwenye kitambaa. Kijivu, hudhurungi au manjano ni uchafu. Ikiwa kitambaa kimechukua rangi ileile ya ngozi, bluu kwa ngozi ya bluu au nyekundu kwa nyekundu, hiyo ni rangi inatoka, na unapaswa kuacha hapohapo. Kwenye usukani mweusi kutofautisha ni kugumu kidogo. Peleka kitambaa juani: uchafu una ukahawia ndani yake, lakini rangi ya ngozi inatoka nyeusi tii.

Angalia pia kama unachokisafisha ni ngozi kweli. Magari mengi yanayotajwa kuwa na viti vya ngozi yana ngozi halisi pale mtu anapokalia na kuegemea tu. Mgongo wa kiti, milango na sehemu kubwa ya dashibodi ni ngozi ya bandia, yaani plastiki iliyochongwa vinyweleo. Vinyweleo vya ngozi halisi havilingani, na vya bandia vinajirudia kwa mpangilio. Kuosha ni kulekule kwa zote mbili. Ila krimu ya kulainisha ngozi haina kazi kwenye plastiki, itabaki juu ikikusanya vumbi.

Uoshaji ambao dalili nyingi zitakurudisha kwake

Zima gari na utoe ufunguo. Liweke kivulini mpaka viti vipoe, maana kwenye ngozi ya moto povu linakauka kabla hujalifuta na kuacha mabaka. Fyonza vumbi kwanza, hasa kwenye mishono na kwenye mfereji kati ya mgongo na makalio ya kiti. Usiruke hatua hii. Chembe za mchanga zikibaki chini ya kitambaa kilicholowa zinafanya kazi ya msasa.

Tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ngozi ya magari, isiyo kali. Ukiikosa, shampuu ya watoto isiyoongezwa mafuta, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji vuguvugu, inafanya kazi nzuri. Sabuni ya mche na sabuni ya unga ziache. Ngozi ikishatengenezwa huwa na uasidi kidogo: kwa kipimo cha uasidi kiitwacho pH, ni kati ya 3.5 na 5 hivi. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Dawa za kusafishia jiko na injini huwa kali zaidi ya hapo.

Tengeneza povu kwenye bakuli, chota povu lenyewe kwa brashi laini, acha maji chini. Sugua kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza, eneo la kiganja kimoja au viwili. Futa mara moja kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla povu halijakauka. Pitisha kitambaa cha pili kilichoroweshwa kwenye maji matupu na kukamuliwa mpaka kisitoe tone, kisha cha tatu kikavu. Geuza upande wa kitambaa kila mara, la sivyo unahamisha uchafu kutoka saa nne kwenda saa nane.

Kwenye usukani, kamwe usipulizie kitu moja kwa moja. Katikati yake kuna mfuko wa hewa na swichi za honi, na nyuma yake kuna utepe wa waya uliojiviringisha unaopeleka umeme huku usukani ukizunguka. Pulizia kitambaa, usipulizie usukani.

Dalili: unang'aa, unateleza

Kama ni mng'ao wa mikono, osha kama nilivyoeleza, halafu rudia. Ganda la miaka halitoki kwa mzunguko mmoja. Niliwahi kuosha usukani ambao mimi na mwenyewe tuliuona mweusi. Kwenye mzunguko wa tatu mshono ulianza kuonekana: uzi tuliodhani ni wa kahawia ulikuwa mweupe, na ngozi iliyouzunguka ilikuwa ya kijivu. Maji kwenye bakuli yalifanana na chai ya rangi. Hatukutumia chochote zaidi ya povu, brashi na saa moja ya uvumilivu.

Utajua umefika pale mng'ao unapokufa na vidole vinaposhika. Chukua tochi, imulike kwa upande, si kutoka juu. Sehemu zilizobaki na mafuta zitawaka, zilizosafika zitabaki zimefifia.

Kama unateleza mara tu baada ya kusafishwa, mtu amepaka kitu: polishi ya dashibodi, mafuta ya nazi, au kile kimiminika cha silikoni kinachopakwa matairi. Hili ni jambo la usalama. Usukani unaoteleza mkononi wakati wa kukwepa kitu barabarani unaweza kuua. Usiendeshe mpaka ukitoe kilichopakwa, na silikoni huhitaji kuoshwa mara mbili au tatu. Kuanzia hapo usipake chochote chenye kung'aa kwenye usukani, kwenye kirungu cha gia, wala kwenye pedali. Dashibodi nayo ikipakwa kitu cha kung'aa, picha yake inatua kwenye kioo cha mbele na kukuziba macho jua likiwa mbele yako.

Dalili: unanata

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu kunata kuna sababu tatu zinazofanana kwa mguso lakini hazitibiki kwa njia moja.

Ya kwanza ni uchafu uliolainika: mafuta ya mwili yakipata joto, au polishi ya zamani iliyochanganyika na jasho. Kitambaa kinatoka kichafu, na baada ya kuosha mara mbili kunata kunapungua waziwazi. Endelea, utafika.

Ya pili ni dawa iliyoyeyusha vanishi. Vitakasa mikono vina alkoholi, kwa kawaida asilimia 60 au zaidi, na mtu akijipaka kisha akashika usukani kabla mikono haijakauka, alkoholi inahamia kwenye vanishi. Siku moja haionekani. Mara tano kwa siku, mwaka mzima, vanishi inalegea na kuanza kunata. Losheni ya kukinga jua inafanya hivyo pia, na dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET ni hatari zaidi, kwa sababu DEET inayeyusha plastiki nyingi na rangi. Dalili yake ni kunata kwa madoa, hasa mahali pa viganja na pa kuegemeza kiwiko mlangoni. Osha mara moja kwa upole, kausha, uache siku mbili gari likiwa na hewa. Doa la juujuu mara nyingi hukaza tena. Likibaki laini, vanishi imekufa mahali hapo, na kila utakavyosugua utaitoa pamoja na rangi. Hiyo ni kazi ya kupaka upya.

Ya tatu ni kuoza kwa nyenzo yenyewe. Usukani usio na mshono kwa kawaida si ngozi, ni poliyurethani, aina ya plastiki, iliyomiminwa kwenye kalibu. Nyenzo hii, pamoja na rangi laini zinazopakwa vitufe na vishikio, huvunjikavunjika polepole kwa unyevu na joto. Inaanza kunata, kisha inakuwa kama gundi, kisha inabaki kwenye vidole kwa vipande vyeusi. Unaosha leo, kesho asubuhi inanata tena. Ukiona kurudi huko kwa haraka, acha kuosha. Watu hufikia hapo wakajaribu spiriti, na kwa vitufe spiriti hutoa kweli ile rangi iliyooza, lakini inaondoka na alama za vitufe pia. Kwa usukani wenyewe, kubadilisha au kuvalisha ngozi mpya iliyoshonwa vizuri na fundi ndiko kunakobaki. Jalada la bei rahisi linalozunguka juu ya usukani unaonata silipendekezi hata kidogo. Linaweza kuzunguka lenyewe huku usukani umesimama.

Dalili: rangi inabaki kwenye kitambaa

Acha. Kisha jiulize umetumia nini. Tineri, petroli, kisafisha rangi ya kucha na spiriti zinayeyusha rangi hata ya ngozi mpya. Sponji nyeupe ngumu za kufutia kuta ni msasa mwembamba sana. Zinafanya doa litoke kwa kuchuna vanishi iliyolibeba, na ndiyo maana mahali pale panachafuka haraka zaidi wiki inayofuata. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugua. Kama ulitumia maji na sabuni laini tu na bado rangi inatoka, vanishi ilikuwa imekwisha kabla hujafika. Kausha, usirudie kusugua, na peleka kwa anayepaka ngozi rangi kabla ufa haujaanza.

Dalili: kiti kimekakamaa, kina nyufa

Tofautisha mikunjo na nyufa. Mikunjo ni ya kawaida kwa ngozi inayokaliwa, na ukiivuta kwa vidole viwili inafunguka na rangi iko ndani yake. Ufa ukiuvuta unaonyesha kitu cha rangi nyingine, mara nyingi kijivu au cha nyuzinyuzi. Mkunjo unaoshwa. Ufa hauoshwi, unajazwa na kupakwa rangi.

Ubavu wa kiti cha dereva, ule anaoupangusa akiingia na kutoka, hupasuka kabla ya sehemu nyingine. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kupaka mafuta, ya nazi, ya zeituni, hata ya mgando. Ninaelewa unakotoka. Viatu na mikanda isiyo na vanishi hunywa mafuta na kulainika. Ngozi ya kiti cha gari imezibwa kwa juu. Mafuta hayo yanakaa juu ya vanishi, yanashika vumbi, na yale ya kupikia baada ya muda yanachacha na kutoa harufu. Machache yanayopenya yanaingilia kwenye nyufa na kulegeza rangi kingoni, kisha rangi inabanduka kama magamba. Fundi atakayekuja baadaye atapata taabu kwa sababu rangi mpya haishiki penye mafuta.

Kinachozuia ufa ni kutoa chembe za mchanga kabla hazijasaga vanishi, na kukinga kioo cha mbele gari likikaa juani. Krimu ya kinga iliyotengenezwa kwa ngozi ya magari, ya maji na isiyong'aa, inasaidia kwa kupunguza msuguano na kuzuia madoa. Ipake nyembamba baada ya kuosha, isubiri, ifute. Kwa viti tu.

Dalili: ubluu wa jinzi, wino wa kalamu

Jinzi mpya huacha rangi yake kwenye viti vyeupe na vya rangi ya maziwa, hasa suruali ikiwa na jasho au imenyeshewa. Wiki za mwanzo rangi iko juu na inatoka kwa povu na brashi. Ikikaa miezi, na jua likiipasha, inahamia ndani ya vanishi. Osha mara tatu, na kama mzunguko wa tatu haukubadilisha kitu, kubali ulichopata. Anayeendelea anaishia na kiti cheupe kisicho na vanishi, na jinzi inayofuata itakiingia moja kwa moja.

Wino ni mbio. Ndani ya dakika chache, kitambaa chenye povu, kwa kugandamiza bila kufuta, kinaweza kuchukua sehemu kubwa. Usiusambaze. Ukishakauka siku kadhaa, dawa yoyote inayouyeyusha itayeyusha na rangi ya kiti, na doa dogo la wino halisumbui macho kama duara lililopauka.

Dalili: harufu, au unga mweupe

Maziwa yakimwagika kwenye kiti chenye vitundu, yanashuka mpaka kwenye sponji iliyo chini, na huko ndiko yanakochachia. Utasafisha juu ukachoka, harufu iko palepale gari likipata joto. Kwa viti hivi usiongeze maji. Gandamiza taulo kavu, egemea kwa uzito wako wote, badilisha taulo, rudia mpaka litoke kavu. Kama yameshachacha, kifuniko cha ngozi inabidi kivuliwe na fundi ili sponji ioshwe. Kuosha vitundu siku nyingine, weka povu kwenye kitambaa na si kwenye kiti, maana povu lililokauka ndani ya vitundu linaonekana kama chunusi nyeupe.

Unga mweupe una chanzo kimoja kati ya viwili. Ukiufuta kwa kitambaa chenye maji ukatoweka na usirudi, ni chumvi ya jasho au mabaki ya sabuni. Ukirudi baada ya siku chache, una harufu ya chumba kilichofungwa na unaonekana kama manyoya madogo ukiukaribia, ni ukungu. Fungua milango yote nje ya nyumba, vaa barakoa, futa kwanza kwa kitambaa ambacho utakitupa, kisha osha. Usitumie dawa ya klorini, inaondoa rangi. Halafu tafuta maji yanakoingilia: inua zulia, gusa chini yake. Bila kuziba hapo, ukungu utarudi. Kausha kwa upepo. Mashine ya kukausha nywele na kisafishio cha mvuke uviweke mbali. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali inajikunja, inakuwa ngumu, na hairudi.

Dalili: usukani wa suedi umelala

Hii ni ile nyenzo ya manyoya mafupi, mara nyingi Alcantara, ambayo si ngozi bali ni nyuzi za kutengenezwa. Ikijaa mafuta, manyoya yanalala na kushikana. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana chenye povu kidogo, acha ikauke yenyewe, kisha inua manyoya kwa brashi laini ya kavu. Krimu ya ngozi ukiipaka hapa umeiua.

Dalili: baada ya kusafisha, kitu hakifanyi kazi au taa imewaka

Vitufe vya redio vikikwama baada ya kuosha, sabuni imeingia pembeni. Kitambaa chenye maji matupu, kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti cha mbao, kipitishe kwenye mfereji wa kitufe na ukibonyeze mara nyingi kikikauka. Honi ikilia yenyewe au isipolia, usifungue kifuniko cha katikati ya usukani. Mfuko wa hewa umo mle, na unalipuka.

Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka, kumbuka ulipofyonza vumbi chini ya viti. Kuna nyaya pale, na soketi zake, mara nyingi za manjano, hulegea zikigongwa. Kiti cha abiria nacho kina kipimio kinachojua kama mtu amekaa, na maji mengi yaliyozama huweza kukichanganya. Usizichomoe na kuzirudisha mwenyewe, na usizipime kwa mita. Peleka gari kwa fundi umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu, umweleze wazi kwamba viti vimeoshwa na ni lini. Mpaka taa izimike, chukulia kwamba mifuko ya hewa huenda isifunguke, na abiria wakae nyuma wakiwa wamefunga mikanda.